Mrembo wa Saluni na Uso wa Mama

Ninyi mnaoshika brashi sasa hivi, na ninyi mnaobonyeza tu bango likatoka kwenye mashine likiwa limeshakauka, nawaandikia nikiwa bado nauona mstari ninaouandika. Nauona kipande kwa kipande. Presha ya macho imenila pembeni. Nikitazama mlima Longonot kutoka mlangoni pangu naona kilele, kisha nashusha kichwa naona miguu yake, lakini mlima mzima kwa pamoja siuoni tena. Daktari wa macho mjini Nakuru aliniambia bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakirudi, na matone anayonipa ni ya kuchelewesha kilichobaki.

Sijui mwingine angefikiria nini akiambiwa hivyo. Mimi nilifikiria picha moja. Nimepaka maduka, malori, makanisa na kuta za shule, kuanzia chini ya mteremko wa Mai Mahiu hadi Molo, lakini picha niliyomwahidi dada yangu mdogo tangu akiwa mtoto sikuwa nimeichora: uso wa mama yetu. Nyambura hajui mama alifananaje. Ndugu yetu Kamau, aliyekuwa na umri wa kuanza shule mama alipokufa, anasema anakumbuka kikohozi tu. Picha hakuna popote. Kwa hivyo aliyebaki na sura ya mama kichwani ni mimi, mkubwa wao, na macho yangu yakizima kabla sijaitoa, mama naye anazima. Hayo ndiyo nataka kuwasimulia. Humo katikati nitawatupia mambo ya kazi, maana siwezi kutenganisha moja na jingine.

Mtauliza kwani picha zilienda wapi. Ilikuwapo moja. Mama alikuwa mchumaji wa pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kwenye mashamba ya juu karibu na Molo, na wachumaji wa pareto hawakuwa watu wa kwenda studio. Baba alikuwa ametangulia, turnboi, yaani utingo, wa lori lililolala ubavu mteremkoni. Mama akafuata kwa ugonjwa wa kifua. Nilikuwa darasa la saba. Mjomba wangu aliniambia nichukue kitambulisho cha mama nikipeleke ofisini tupate kibali cha kumzika. Nilikipangusa kwa sketi ya shule njiani kwa sababu kilikuwa na alama ya kidole chenye unga. Karani alikipokea vizuri, akaandika, akanipa karatasi yangu. Nikabaki nimesimama.

"Unangoja nini, msichana?"

"Kadi ya mama."

"Hiyo hairudi. Mtu akifa, kadi inarudi kwa serikali."

Hakunionea, ndivyo sheria inavyotaka, hata leo. Lakini mimi sikujua, na hakuna mkubwa aliyekumbuka kuniambia. Nilikuwa nimemtazama mama njiani kama mtu anayetazama kitu atakachorudi nacho nyumbani. Tangu hapo kila nikisikia kuna matanga mahali, huwa nauliza swali moja ambalo watu huliona la ajabu: mna picha yake nyingine, mbali na ya kadi?

Shangazi aliyekuwa na kibanda cha chai Mai Mahiu alituchukua sote watatu. Masomo yangu yaliishia hapo, sitaki kuyafanyia hadithi ndefu. Kando ya kibanda palikuwa na fundi wa maandishi aliyeitwa Barasa, mtu mfupi, mwenye suruali iliyosimama yenyewe kwa rangi. Malori yalipoegeshwa chini ya mteremko ili breki zipoe, madereva walikuwa wakimwita awaandikie maneno kwenye mlango wa nyuma.

"Unajua kusoma?" aliniuliza siku niliyompelekea chai.

"Nimefika la saba."

"Basi umenipita. Mimi nazichora tu, hizi herufi. Hebu soma hapo."

Nilisoma. Alikuwa amemwandikia mtu MUNGU NI MWENA. Nikamwambia panakosa M moja. Barasa alirudi nyuma, akatazama mlango wa lori kwa muda mrefu, akasema, "Dereva ameshalala. Akiamka Mungu atakuwa mwema." Akaupangusa ukingo wa ile N kwa kitambaa chenye petroli, akaifanya M, na kuanzia siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasoma kabla rangi haijakauka. Ndivyo nilivyoingia kazini. Mengine yote nilijifunza kwa kusimama hapo.

Haya sasa, yashikeni haya. Maneno huanzwa katikati. Hesabu herufi zako, weka ile ya katikati kwanza, kisha nenda kushoto na kulia, la sivyo utafika mwisho wa ubao na HOTELI ikabaki HOTEL na mwenyewe asikulipe kwa ile I. Mai Mahiu kazi hufanywa asubuhi, kwa sababu mchana upepo unashuka na vumbi linakaa juu ya rangi mbichi kama sukari juu ya mandazi. Nyekundu hukimbia jua kabla ya rangi zote. Mteja akitaka jina lake kwa nyekundu, mpake nyeusi pembeni, jina likipotea kivuli chake kitabaki. Brashi osha kwa mafuta taa kisha sabuni, uifunge kwa karatasi ikiwa bado na umbo. Barasa alikuwa na brashi iliyonizidi umri.

Baadaye akanifunza uso. Saluni zilikuwa zinafunguliwa kila upande, na kila saluni ilitaka mwanamke ukutani.

"Chora yai," alisema. "Ndani ya yai weka msalaba. Macho yakae juu ya huo mstari wa kulala. Pua fupi. Mdomo umefungwa, meno yanakula muda. Shingo ndefu kuliko ya mtu. Halafu nywele. Nywele ndiyo biashara, uso ni wa kushikilia nywele tu."

Tulimwita Mrembo. Nilimchora hadi mkono ukawa unamchora wenyewe nikiwa naongea na mtu mwingine. Kutoka Mai Mahiu hadi Gilgil, hadi mitaa ya Nakuru, Mrembo alikuwa kwenye mbao, kwenye mabati, kwenye mapazia. Akisukwa, akiwekwa dawa, akiwa na nywele fupi. Uso ni ule ule. Wakati mmoja wanawake wawili wenye saluni zinazotazamana waliniita katikati ya barabara.

"Njeri, kwa nini msichana wangu ako kwa huyu?" akauliza wa kwanza.

"Huyo ni pacha wake," nikasema.

"Basi pacha alipe kodi, maana wateja wanaingia kwake wakidhani ni kwangu."

Yule wa pili akasema, "Wanaingia kwangu kwa sababu wako amechorwa amenuna."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Nikamwongezea mmoja hereni mambo yakaisha. Sikujua Mrembo alikuwa ananifanyia nini.

Jumapili nilikuwa naenda zangu porini. Kanisani nilikwenda pia, lakini baada ya hapo niliingia kwenye leleshwa, vile vichaka vya majani ya kijivu vilivyojaa kati ya Longonot na Naivasha, nikakaa. Mwanzo nilikwenda kuokota rangi. Rangi ya kopo ni ya mteja, huwezi kuichezea, na mimi nilitaka kuchezea. Kwenye kingo za barabara zilizochongwa kuna udongo mwekundu na mwingine wa manjano. Upande wa Gilgil kuna udongo mweupe mwepesi kama unga, ukiushika hauna uzito. Mkaa wa leleshwa ukisagwa hutoa weusi wenye ubluu kidogo. Gundi ya mgunga ikilowekwa usiku mmoja hushika hivyo vyote ukutani. Na kuna jambo nililoligundua kwa bahati: kokwa ya parachichi ukiichemsha hutoa maji ya rangi ya waridi iliyokonda, lakini ukitia magadi kidogo, yale ya kuchemshia mahindi, inageuka mbele ya macho yako na kuwa nyekundu nzito kama ini.

Nilijiona nimepata utajiri. Mwenye bucha mmoja aliyetaka ng'ombe ukutani alikubali nimjaribie rangi yangu. Nikamchorea fahali mkubwa mwekundu, magadi ya kutosha ili asipauke, kichwa kimeinuliwa. Barasa mwenyewe alisema hajawahi kuona fahali kama yule. Kesho yake mwenye bucha akaja kibandani.

"Njeri, kuja uone kazi yako."

"Imeanguka?"

"Haijaanguka. Imelambwa."

Wachungaji walikuwa wamepitisha mifugo hapo alfajiri, na ng'ombe wakasikia chumvi. Fahali wangu alikuwa amebaki kwato na ncha ya mkia. Ng'ombe mmoja alikuwa bado hapo, ulimi mwekundu, anamalizia. Barasa alikaa chini barabarani kwa kucheka. "Mnunulie ng'ombe chai," alisema, "ndiye mtu wa kwanza kupenda picha zako mpaka akazimeza." Bucha nikairudia kwa rangi ya kopo.

Lakini kule porini nilipata kitu kingine ambacho sikukiendea. Ndege hangojei yai na msalaba. Nilipoanza kuchora korongo na mwari kwenye maziwa, Elmenteita na Nakuru, niliona kwamba mkono wangu ulikuwa na haraka ya kumalizia vitu usivyoviona. Mwari akigeuza shingo, nilikuwa nachora shingo niliyoizoea, si ile iliyokuwa mbele yangu. Ilibidi nijifunze kukaa na karatasi tupu mpaka nione kwanza. Miaka hii ziwa Nakuru lilipopanda likaimeza migunga ya kando, nilikwenda mara nyingi kuichora ile miti iliyokufa imesimama majini, myeupe, matawi yamejaa ndege weusi wanaokausha mabawa. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wengi walikuwa wamehama. Niliipaka kwa jivu na ule udongo mweupe. Hizo ndizo picha pekee nilizowahi kuchora bila mtu kuniagiza, na zimepangwa chini ya kitanda changu, nyingine panya wameonja. Sizijutii. Zilinifunza kuona.

Nikafikiri, kama nimejua kuona, sasa namweza mama.

Nilichagua siku ya mvua ambayo kazi haiwezekani. Nikaweka ubao, nikafumba macho, nikamwita kichwani. Akaja. Nikachora haraka kabla hajaondoka, mkono unakwenda vizuri kuliko siku zote, nikahisi furaha ya kumwona. Niliporudi nyuma kutazama, alikuwa Mrembo. Amevaa kitambaa cha mama, lakini ni Mrembo: macho yako juu ya mstari, pua fupi, mdomo umefungwa. Nikafuta. Nikachora tena polepole, nikaanza na sikio kwa sababu najua mama alikuwa na tundu la sikio lililochanika. Sikio lilikuwa lake. Uso uliokuja kando ya sikio ulikuwa wa saluni.

Ninyi vijana, sikilizeni hapa, kwa maana sijamsikia fundi mwingine akilisema. Kitu unachokichora kila siku bila kukitazama hakikai mkononi tu. Kinaingia ndani na kutafuta mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa na kiti kimoja ndani cha uso wa mwanamke, na aliyekikalia alikuwa mama. Sijui ni siku gani Mrembo alimwinua. Alikuwa na miaka mingi ya kuja kila asubuhi, na mama hakuwa na hata picha ya kumsaidia kubaki.

Nilijaribu tena kila mwaka. Nikawa namwambia Nyambura bado natafuta rangi nzuri.

Kisha mambo yakabadilika. Mashine za kuchapa mabango zikafika hadi Mai Mahiu, wateja wakaanza kuja kwangu kuuliza tu mahali pa kupigilia misumari. Barasa alikuwa ameshazikwa kwao Bungoma, hakuyaona. Kijana mmoja wa mabango, mpole sana, alikuwa akiniamkia kila asubuhi, "Sasa mathe, kazi inasonga?" hata alipoona haisongi. Daktari aliponiambia habari ya macho, nilikwenda kwake yeye.

"Nataka unisaidie na uso wa mtu."

"Leta tu picha, mathe. Tuta-scan, tunaisafisha, unapata kubwa ya ukuta."

"Picha sina."

"Hata ya simu?"

"Alikufa kabla ya simu."

Akaitoa simu yake mfukoni. Halafu akasema, "Siku hizi unaweza kuandikia simu vile mtu alikuwa, na inachora. Niambie alikaa aje."

Nikamwambia. Mchumaji wa pareto, kitambaa kichwani, sikio lililochanika, mwembamba, ana wasiwasi. Akaandika na vidole vyake viwili. Simu ikafikiri, ikatoa mwanamke. Kijana akanigeuzia.

"Fiti?"

Alikuwa mzuri, ana mikunjo mizuri, nyuma yake maua ambayo si pareto, na alikuwa anacheka kwa meno yote. Sikio lilikuwa zima. Nikaelewa kwamba na mashine nayo ina Mrembo wake.

"Ni mzuri," nikamwambia. "Simjui."

"Pole, mathe," alisema, na akakataa kulipwa.

Nikafunga udongo wangu kwenye mifuko, nikachukua ubao mmoja, nikapanda kwa Nyambura. Ameolewa upande wa Sachangwan, analima viazi, kuna baridi huko ya kuingia kwenye meno. Nilimwambia nimekuja kukaa hadi nimalize. Hakuuliza nimalize nini.

Ana binti wawili. Wa kwanza ana jina la mama wa mume, na wa pili, kama desturi yetu ilivyo, ana jina la mama yetu, Wangari. Kwa hivyo mtoto yule wa shule ni mama yetu kwa jina, na mimi na Nyambura hatumwiti vingine ila Mama. Yeye ameshazoea na analitumia hilo jina; mimi ananiita Tata, ndiyo mama mkubwa kwa lugha yetu.

"Mama, njoo ukae hapa nikutazame," nikamwambia.

"Tata, nikiwa mama yako naweza kukutuma?"

"Unaweza."

"Basi nakutuma uniambie jibu la hesabu ya saba."

Nilimkalisha mlangoni kwenye mwanga. Watu husema mtoto huja na sura ya aliyemrithi jina. Nilimtazama kwa uoni niliobaki nao, kipande kwa kipande, paji, pua, kidevu, nikitafuta mama anitokee popote. Nilichokiona kilikuwa Wangari, mtoto mwenye mafua, na anafanana na baba yake. Nilimchora hivyo hivyo, akafurahi akaenda nayo shuleni. Nilikwenda pia kwa bibi mmoja aliyechuma pareto na mama. Aliniambia mama alikuwa mweupe. Nilipokuwa naaga akasema, "Ama huyo alikuwa mwingine."

Siku zikapita. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa na Nyambura kwenye mlango wa jikoni, anamenya viazi, nami nimefungua chupa ya tarpentini kusafisha ubao niliokuwa nimeuharibu tena. Alinitazama nikiufuta.

"Njeri, acha kujisumbua," akasema. "Mimi namkumbuka kidogo."

"Nani?"

"Mama. Si uso, ni mgongo. Nimebebwa, kuna baridi, shavu langu liko hapa." Akajigusa nyuma, katikati ya mabega, kwa mkono wenye kisu. "Na kuna hiyo harufu. Miaka yote nilidhani ni dawa ya pareto. Ulipofungua hiyo chupa nikajua ndiyo yenyewe."

Nilichukua kiazi nikamenya.

Mama hakuwahi kushika tarpentini. Alikufa Nyambura akiwa hajasimama. Aliyembeba mteremkoni Mai Mahiu, asubuhi ambazo ukungu unashuka kutoka juu na Barasa anagomba kwamba mtoto atakua akinywa rangi, alikuwa mimi. Nilipanga herufi naye mgongoni. Nilichemsha kokwa za parachichi naye mgongoni. Nilimbeba hadi akawa mkubwa wa kubebwa, kwa sababu kifua chake hakikuwa kizuri na chini palikuwa na vumbi. Alipoanza kusema aliniita mama, nikamkataza. Kila mara. Nilimwambia, mimi ni Njeri, mama yako alikuwa mwingine, ipo siku nitakuchorea umwone.

Sasa fikirini nilivyokaa pale na kiazi. Ningeweza kunyamaza. Ningechora mgongo, leso, mtoto, nikamwambia huyu hapa mama, na angeupigilia ukutani akalala vizuri maisha yake yote. Hakuna mtu duniani angenipinga. Na ungekuwa Mrembo mwingine, wa mwisho, na mkubwa kuliko wote.

"Nyambura," nikasema, "mama hakufanya kazi ya rangi."

Kisu kikasimama.

"Ulikuwa hujatembea alipokwenda. Huyo mwenye mgongo ni mimi."

Hakulia. Aliyakusanya maganda yote, hata yaliyoanguka mbali, akayapeleka kwa ng'ombe. Akakaa huko. Nilimwona kwa shida, kipande cha sweta yake kando ya ng'ombe, halafu nikampoteza. Nilijiambia kwamba nimekuja na ubao kumpa mama, na nimemnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Aliporudi alikaa pale pale.

"Kwa hivyo sina chake chochote."

"Una jina, liko shuleni."

"Na wewe una uso."

Hapo ndipo niliposema nililokuwa sijamwambia mtu. "Sina. Ulipotea zamani. Nikimwita anakuja yule wa saluni."

Alinigeukia kabisa, akajirudisha nyuma kidogo, nikamwona uso mzima kwa pamoja. "Miaka yote hii ukisema unatafuta rangi?"

"Eeh."

Viazi vilianza kuwa vyeusi kwenye sufuria bila maji. Mimi mkubwa, yeye mdogo, na mama hayupo kwa yeyote kati yetu. Nilikuwa nimeogopa saa hiyo maisha yangu yote, na ilikuwa na ukimya wa kawaida, kuku wanapita.

"Basi chora huo mgongo," akasema mwishowe. "Huo si upo?"

"Siwezi. Sijawahi kuuona."

Alinitazama. Halafu akacheka kidogo, kwa pua, kama Kamau. "Kweli kabisa. Umeuona wapi?" Akajifuta mikono kwenye aproni. "Nipe hiyo brashi."

Nilimchanganyia rangi. Udongo mwekundu kwa ngozi, mkaa kidogo, maji ya kokwa kwa leso, na magadi kiasi tu, kwa kuwa tuko karibu na ng'ombe. Sikumwambia habari za yai wala msalaba. Nilimwambia tu asichovye brashi hadi shingoni, na aifute kila anapobadili rangi. Nyambura hajawahi kuchora kitu tangu aache shule. Alichora kama anavyopalilia, ameinama, bila kurudi nyuma kutazama. Kilichokuwa kinatokea kilikuwa kipana mno juu na chembamba chini, na kichwa kidogo kama ngumi. Nilishika mikono yangu pamoja ili isimsaidie.

Wangari alirudi kutoka shuleni, akasimama mlangoni na begi.

"Huyo ni nani?"

"Ni Tata yako," akasema Nyambura. "Na mimi niko ndani ya leso."

"Mbona hana uso?"

"Uso uko ule upande mwingine."

Mtoto akaridhika, akaenda kutafuta chakula.

Kesho yake tuliupigilia ubao sebuleni, mahali ambapo miaka yote palikuwa pamewekwa msumari ukingoja mama. Nilisogea karibu nikausoma kwa jicho langu, kama mtu anayemulika ukuta kwa tochi: kisogo, kisha bega, kisha kile kifurushi cha leso, kisha bega la pili. Hapo nikasimama.

"Umekosea hapa," nikamwambia. "Leso ilipita bega la kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa wa brashi, singeweza kuufunga."

"Ilipita la kulia."

"Nyambura, mimi ndiye niliyekuwa nafunga."

"Na mimi ndiye niliyekuwa ndani," akasema. "Huu wa kushoto ndio upande niliokuwa nachungulia."

Nikanyoosha mkono nikaweka ubao sawa, ulikuwa umeinama kidogo. Leso nikaiacha alipoipitisha.